Mzee Herufi na Likizo za Mjukuu

Ukuta kati ya saluni yangu na karakana ya Mzee Herufi ni wa mbao, na mbao zenyewe zimekauka zikaachana. Alichosema nilikisikia hata siku ambazo sikutaka. Mimi ni msusi. Vidole vyangu vina kazi kutwa lakini masikio hayana, kwa hiyo asije mtu hapa akaniuliza haya mambo nimeyajuaje.

Hilo jina la Herufi alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Zamani kila kibao cha barabara yetu kilitoka mkononi mwake: duka la dawa, fundi saa, kinyozi, bucha lenye picha ya ng'ombe anayecheka, na mpaka leo sijaelewa yule ng'ombe alikuwa anacheka nini mahali kama pale. Maandishi yake yalisimama wima bila kutumia rula. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, mtu anaingia dukani na anatoka na bango lake kabla chai haijapoa, na wateja wa mzee wakayeyuka mmoja mmoja. Mkewe naye akafariki miaka hiyohiyo. Alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana, na sitamzungumzia sana, kwa sababu nikianza sitafika kwenye haya mengine.

Mzee alibaki na binti mmoja, mfanyakazi wa zamu kwenye kiwanda cha biskuti, na mjukuu mmoja wa kike wa umri wa chekechea. Baba wa mtoto alikuwa kazini mbali, na mtoto alimjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Huyo mtoto tulimwita Kwanini. Ukimwambia kaa, kwa nini. Ukimwambia haya basi simama, kwa nini. Siku moja aliniuliza kwa nini ninawavuta watu nywele halafu wao ndio wanaonilipa. Nikamfukuza saluni, nikaenda kuchekea nyuma ya mlango.

Chekechea ikifunga, kiwanda hakifungi. Basi kila likizo, asubuhi, binti alimleta Kwanini kwa babu yake, akamwachia chakula chake kwenye bakuli lenye mfuniko, akakimbia kuwahi zamu. Na mzee, ambaye siku nyingine zote alikaa kwenye kiti akiitazama barabara, siku hizo alinyoa ndevu. Nilimsikia akipiga mluzi mapema, anaburuta meza, anafagia. Alikuwa anaandaa darasa.

Sinia la bati alilijaza mchanga mkavu, wakaandika humo kwa kidole; wakilitikisa, herufi inafutika, wanaanza upya. Kiazi alikikata nusu, akachonga nyota kwenye uso wa kile kipande, wakakichovya kwenye rangi ya maji na kugonga mihuri kwenye magazeti ya zamani. Kalenda za miaka iliyopita walizikata vipande vyembamba, wakavigandisha kwa gundi ya unga vikawa mnyororo mrefu, wakautundika kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Soksi iliyotoboka ilishonewa vifungo viwili ikawa mjusi mwenye maneno mengi. Vizibo vya soda walivihesabu, wakavijengea mnara, ukaanguka, wakavihesabu tena kwa sababu Kwanini hakuamini kwamba vilivyoanguka ni vilevile vilivyosimama.

“Babu, kwa nini O haina mlango?”

“Inao. Ukiufungua, inakuwa C.”

“Na nikiufunga?”

“Inarudi kuwa O, unalala salama.”

Mteja wangu akauliza hapo jirani kuna shule gani. Nikamwambia atulize kichwa nisimsokote sikio.

Mimi ndiye niliyegundua kwanza kwamba mzee ana tatizo. Nilimwomba anipakie rangi upya kibao cha saluni, kwa kumpa heshima tu, maana kibao chenyewe kilikuwa bado kizuri. Akafanya kazi siku nzima. Alipomaliza, neno la mwisho lilikuwa limeteremka kama mtu anayeshuka ngazi, na yeye amesimama mbele yake ananiuliza, “Imekaaje?” Mzee Herufi hakuwa mtu wa kuuliza imekaaje. Nikasema imekaa vizuri, nikaingia ndani.

Wiki hiyohiyo nilimkokota mpaka kliniki ya macho. Njia nzima alikuwa ananiambia ni mtoto wa jicho tu, kwamba anamjua mtu aliyekatwa mtoto wa jicho na sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Daktari alimpima, akampima tena, akaketi. Akasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, matone yatasaidia kuzuia kilichobaki, na kilichobaki si kikubwa. Mzee alimshukuru daktari kwa adabu zote, kana kwamba amekaribishwa chai.

Nje ya kliniki kuna benchi. Tukakaa.

“Ukimwambia mwanangu,” akasema, “mimi na wewe basi.”

“Mzee, hili si jambo la kuficha.”

“Akijua, mtoto hamleti tena. Atampeleka likizo kwa bibi yake wa upande wa baba, huko kwenye safari ya kutwa nzima ya basi. Ameshasema. Nilipougua homa ile, alisema nikizidiwa mtoto ataenda kwa bibi. Homa tu, mama msusi! Sasa haya macho je?”

Mimi nina hasira za karibu, waulize watu. Siku hiyo nilizitafuta nikazikosa. Nilimwambia sawa.

Kuanzia hapo nilimtia matone kila asubuhi na kila jioni, maana mwenyewe akijitia yanaishia shavuni. Na yeye akajipanga. Mkasi ulikaa ndani ya droo ya kushoto, gundi dirishani, visu juu kabisa ya kabati ambako mtoto hafiki. Rangi za maji za mtoto alizitia kwenye makopo ya maziwa yanayofanana, akayapanga kwenye ubao: nyekundu mwanzo, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani, kahawia mwisho. Bado aliona mwanga na maumbo, alimwona mtu akiingia, lakini rangi zilikuwa zimemtoka, zote zimekuwa vumbi. Alinyoosha mkono akachukua kopo la tatu, akasema, “Hii buluu,” na ilikuwa buluu. Ungekaa naye saa nzima usijue. Binti yake alikaa naye saa nzima kila jioni, na hakujua.

Likizo iliyofuata, Kwanini alicheza duka. Aliyashusha makopo yote, akaniuzia mimi na mteja wangu kupitia mwanya wa mbao, akatupunja wote wawili, kisha akafunga duka na kuyarudisha kama alivyopenda mwenyewe. Mzee alimsifu kwa kufanya usafi.

Asubuhi yake walikuwa wanagonga mihuri ya majani. Mtoto ameokota majani ya kweli uani, wanayapaka rangi na kuyakandamiza kwenye karatasi.

“Hii ndiyo kijani,” nilimsikia mzee. “Kijani ya majani.”

Nikasikia jani likibanduliwa karatasini.

“Babu, lakini majani hayako hivi.”

“Majani ya huku yamechoka na vumbi, mchumba. Yakioshwa yanakuwa hivyo.”

“Aa,” akasema Kwanini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza kwa nini. Babu ndiye fundi wa rangi, mtaa mzima unajua. Nilicheka upande wangu, nikidhani ni utani wao wa siku zote. Wakaendelea hivyo likizo nzima, na yule mtoto akasoma rangi zake kwa bidii, moja baada ya nyingine, kopo baada ya kopo.

Shule zikafunguliwa. Mzee akarudi kwenye kiti chake.

Jioni moja nilikuwa nimeshamtia matone jicho la kwanza, nageukia la pili, mlango ukafunguka. Binti yake, bado ana kofia ya kiwandani kichwani, kamshika Kwanini mkono. Nikaitumbukiza ile chupa ya dawa kifuani mwangu, mzee akajifuta kana kwamba ni jasho.

“Baba, shikamoo. Mwalimu kaniita shule leo.”

“Marahaba, mama. Kuna nini?”

“Kasema Kwanini hajui rangi. Watoto wenzake wote wanajua. Kijani anaiita buluu, buluu anaiita kijani, nyekundu anasema kahawia. Mwalimu akimsahihisha anabisha. Anamwambia, babu yangu ndiye fundi wa rangi, wewe una chaki tu.”

Mimi nikacheka. Hakuna aliyenifuata, nikaacha.

“Mwalimu anasema huenda ana kasoro ya macho, ya kuzaliwa nayo. Nimpeleke akapimwe. Na wenzake wamemcheka mpaka hataki tena kuchora, Baba. Wakigawa karatasi anaweka mikono chini ya meza.” Akamgeukia mtoto. “Mtoto gani huyu, hana hata miaka sita, macho yake yana nini?”

Kwanini alikuwa nyuma ya gauni la mama yake. Hakuuliza chochote. Mtoto anayetuchosha wote kwa maswali amesimama pale mdomo umefungwa, na mimi, niliyemfukuza saluni mara ngapi, nilitamani aniudhi.

Mzee aligeuza uso kuelekea kwa mtoto. Kisha akamwita mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Mchumba, niletee kopo la kijani.”

Mtoto akaenda kwenye ubao, akachukua kopo bila kusita, akamletea. Mzee akalifungua, akaligeuza upande wangu.

“Mama msusi, hii ni rangi gani?”

Nilitamani kudanganya. Nami naweza kudanganya, wateja wangu wote wanaondoka wanaamini wamependeza. Lakini binti yake alikuwa amesimama pale ana macho mawili mazima.

“Buluu, mzee.”

Nilimwona mzee akielewa. Mabega yalimshuka. Na mimi nikaruka haraka kuziba tundu, maana mwenye kuziba nilikuwa peke yangu. Nikasema, “Kumbe ndiyo hiyo tu! Mtoto alicheza duka likizo, akayachanganya makopo, basi. Hana ugonjwa wowote huyu. Amesoma rangi kwa makopo yaliyokaa vibaya.”

Binti akashusha pumzi. Alianza hata kutabasamu. Tulikuwa tumevuka, naapa, tulikuwa tumeshavuka. Mzee angesema alikuwa na mawazo mengi, alikuwa amesinzia, hakuangalia vizuri, na binti angemtania kwamba uzee umeanza, na likizo ijayo mtoto angekuja kama kawaida.

Ndipo Kwanini akasema, taratibu, “Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu rangi?”

Akamtazama babu yake. “Babu, ni mimi?”

“Hapana,” akasema mzee. “Njoo hapa. Hukuharibu kitu. Wewe ulicheza duka, na duka lilikuwa zuri. Macho yako ni mazima, na rangi utazijua zote mpaka umpite mwalimu. Macho mabovu ni ya Babu.”

“Baba?” binti akasema.

“Sioni rangi, mama. Ni muda sasa. Nilikuwa nazishika kwa nafasi zake.”

Binti akanitazama mimi. Nikaitoa ile chupa kifuani nikaiweka mezani, kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya. Akaisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Akaivua kofia ya kiwandani, akasogea mpaka mbele ya baba yake, palepale penye mwanga wa mlangoni.

“Baba. Gauni langu ni rangi gani?”

Mzee akainua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia juu mpaka chini.

“Umependeza,” akasema.

Binti alilia hapohapo, amesimama, mikono imelegea. Mtoto naye akaanza kulia kwa kuwa mama yake analia. Mimi nikasema nina mteja, na sikuwa na mteja.

Sitaki mtu amlaumu yule binti kwa kuamua mtoto asiletwe tena. Nilimlaumu mwenyewe wiki nzima, nikampiga maneno mengi kichwani mwangu, kisha nikatoka nje nikaitazama ile barabara, magari yanapita hatua chache kutoka kwenye mlango wa karakana, nikamfikiria mtoto anayekimbilia kizibo cha soda. Hasira ikaniisha, nikabaki na huzuni peke yake. Binti alimwomba baba yake ahamie kwake. Ana chumba kimoja, angelala wapi mwenyewe sijui, lakini aliomba kwa moyo mweupe. Mzee akakataa. Alisema hapa anajua kila kitu kilipo, kule ataanza kupapasa upya kama mgeni. Wakabishana siku kadhaa, kwa upole, na hakuna aliyeshinda.

Likizo ilipofika, Kwanini alipelekwa kwa bibi wa upande wa baba. Walipita kuaga wakielekea stendi, basi linasubiri, mama anaharakisha. Mtoto aliuliza kwa nini Babu haji. Mzee akasema Babu ana kazi. Mtoto akatazama karakana, haina hata kibao kimoja kinachosubiri, lakini hakubisha. Akambusu kwenye shavu lililolowa dawa.

Nilijaribu kumchangamsha. Nilimletea watoto wa wateja wangu, wale wanaolialia wakati mama zao wanasukwa. Aliwapa vizibo wacheze, akawa mpole kwao, lakini hakunyoa ndevu. Mtoto mmoja alimwomba amchoree paka. Akamwambia mashine za mjini zinachora paka mzuri zaidi.

Siku moja adhuhuri simu yake ikaita. Namba hazioni tena, kwa hiyo huniletea mimi nipokee, nami naiweka sauti kubwa na kumrudishia. Alikuwa Kwanini, anapiga kelele kana kwamba anataka sauti ije kwa miguu.

“Babu! Leo tunatengeneza nini?”

Mzee alikaa wima. Naapa alikaa wima hivyo, kwenye kiti changu cha wateja, taulo la saluni begani.

“Huko kuna viazi?”

“Vipo vingi!”

“Mwambie bibi akukatie kimoja nusu. Akate yeye, wewe usiguse kisu. Halafu achonge nyota.”

Tukasikia mbio, tukasikia mlango, tukasikia sauti ya mama mtu mzima anacheka na kulalamika kwamba hajawahi kuchonga nyota. Mzee akasubiri, mkono mmoja juu ya goti, vidole vinacheza.

“Babu, imekuwa nyota lakini ina miguu mingi.”

“Ndivyo zilivyo nyota za huko. Sasa kausha maji kwa kitambaa, usipokausha rangi itachuruzika. Umekausha?”

“Nimekausha.”

“Karatasi umeiweka kwenye kitu kigumu?”

“Iko mezani. Mama alininunulia rangi, makopo mapya kabisa. Nichovye ipi, Babu?”

Mzee alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka mbele, unatafuta, lakini pale mbele kulikuwa na kioo changu na vitana tu.

“Babu? Kopo lipi?”

“Muulize bibi yako, mama.”

“Kwa nini? Wewe ndiye fundi wa rangi.”

“Bibi yako anaona,” akasema mzee.

Kisha tukasikia simu ikiwekwa mezani, na sauti ya Kwanini kwa mbali ikiuliza, “Bibi, hii ni rangi gani?” na yule mama akamjibu vizuri, kwa upendo, kama bibi yeyote, “Hiyo nyekundu, mjukuu wangu.”

“Nyekundu,” mzee akarudia polepole.

Akanirudishia simu ikiwa bado hewani, akakunja taulo langu, akaenda zake upande wa pili wa ukuta.